Mama wa Mwalimu wa Kwaya

Walimtoa Gasper kanisani, kisha wakasimama wakaimba wimbo wa Gasper. La kumtoa mtoto, mama yake Tabita angelililia siku mbili tatu likapita. La wimbo ndilo lililomkaa kooni.

Jumapili ile mchungaji aliwaomba wageni na watoto watoke nje, wabaki washirika watupu, na vipaza sauti vya juu ya paa vikazimwa. Vipaza sauti vya kanisa lile havizimwi hovyo. Hata tangazo la mbuzi aliyepotea husikika mtaa mzima, mpaka kwa wenye baa kule barabarani na kwa madereva wa malori wanaosubiri kuvuka mpaka wa Tunduma. Siku hiyo vilizimwa. Mzee Nikodemo, mwenyekiti wa wazee wa kanisa, akavaa miwani yake, akasema imebainika kuwa Gasper Amoni, mwalimu wa kwaya, anaishi na mwanaume mwenzake, Brayan, muuza spea za pikipiki, kule Nakonde, upande wa Zambia, kama mtu na mkewe. Kwa hiyo ametengwa. Hatakaribia Meza ya Bwana, hatasimama na kwaya, na akifa leo kanisa halitamzika, mpaka atubu. Aliyasema hayo kwa sauti ileile anayotumia kutangaza mchango wa simenti.

Kisha watoto wakaitwa warudi, vipaza sauti vikawashwa, na kwaya ikainuka. Clever, mpwa wake Mzee Nikodemo, alikuwa ameshasimama mahali pa Gasper, shati jipya, kola imekaza shingo. Akamwangalia Tabita na kutikisa kichwa, maana yake anzisha. Wimbo wenyewe ulikuwa "Tulianza kwa Nyasi", ambao Gasper aliutunga kueleza jinsi wazee wao walivyosali chini ya paa la nyasi kabla ya kupata matofali.

Tabita alikuwa mwanzishaji wa kwaya ile tangu Gasper akiwa mgongoni. Akamtazama Clever, akawatazama wenzake wa sauti ya kwanza, wote wameangalia viatu vyao. Akashuka kwenye safu, akapita katikati ya mabenchi, akatoka. Nyuma yake kwaya iliuanzisha wimbo hivyohivyo, kila mtu na njia yake, na vipaza sauti vikamsindikiza nao mpaka mlangoni kwake. Nyumba yake haiko mbali na kanisa.

Mumewe Amoni, aliyetoka mara tu baada ya tangazo, alikuwa amewahi kufika. Alikuwa amekaa uani, sindano ndefu mkononi, anashona magunia ya wafanyabiashara wa mahindi kama kwamba ile ni siku ya kazi.

"Mwanao amevuliwa nguo mbele za watu, wewe unashona gunia," Tabita alimwambia.

"Ongea naye, mama Gasper."

"Niongee naye nini? Yeye kafanya nini? Nitaongea na waliomtukana."

Gasper alitoka ndani; chumba chake hapo kwao hakuwa amekihama, ingawa siku nyingi alilala Nakonde. Alikuwa kijana mrefu, mpole kupita kiasi, wa kumwomba radhi hata kuku aliyemkanyaga. Akakaa kwenye ndoo iliyofudikizwa karibu na mama yake. "Mama, nataka nikuambie kitu."

"Usiniambie. Wewe tulia. Uongo wao nitaurudisha mdomoni mwao mmojammoja."

Gasper akamwangalia baba yake. Amoni akaendelea kushona.

*

Tabita aliuza kapenta sokoni, wale dagaa wakavu wanaoletwa na Wazambia. Wiki ile meza yake ilipoa. Akina mama wa kanisa walipita wakimsalimia kwa mbali, mikono ikiwa kifuani, wakaenda kununua kwa mwenzake wa pembeni, dagaa zenyewe zimejaa mchanga. Aliyekuja kununua alikuwa mteja wake wa Nakonde, mwanamke mnene mcheshi, akamwamkia kwa lugha ya kwao "Mulishani, bamayo" kama siku zote, akashangaa kuona anapimiwa kimyakimya. Watu wasio wa kanisa lile hawakujua kitu. Siri ya washirika ilikuwa bado ya washirika.

Jenista, jirani yake wa meza, ambaye walikuwa wakigawana chai kwenye kikombe kimoja miaka yote, siku moja alikuja na kikombe chake. Alikiweka tu juu ya meza, kipya, na bei yake bado imebandikwa. Tabita alikiangalia kile kikombe mpaka jioni, na kila alipokiangalia jina la Nikodemo lilimpanda kichwani. Alikuwa mwanamke wa kuchelewa kukasirika, lakini akishakasirika hamjui aliyemzaa. Aliwahi kumnunia dada yake tangu harusi moja kule Ndalambo mpaka mazishi ya mama yao, na hata kaburini alisimama upande wa pili.

Aliyemletea mlango wa kulipizia ni Gwantwa, mwenzake wa sauti ya kwanza, aliyekuja sokoni akijifanya anachagua dagaa.

"Dada Tabita, kwaya imekufa," alinong'ona. "Askofu anakuja kuzindua kanisa, na wimbo alioahidiwa ni ule ule. Clever amejaribu kuutia kinanda, umekataa. Akina baba wananguruma, sisi tunapiga kelele. Hakuna anayejua pa kuanzia."

"Pa kuanzia anajua aliyeutunga."

"Na wewe. Wazee wanasema ukienda ukaomba radhi kwa kutoka siku ile, watakurudisha."

Tabita akamfungia dagaa, akamwongezea na za juu. Moyo wake ulikuwa umeanza kuchangamka kwa mara ya kwanza tangu Jumapili. Gwantwa alifikiri ni kwa ajili ya kurudishwa.

Wimbo ule Gasper hakuutungia vyombo. Ni sauti tupu, na kila kitu kinamtegemea mwanzishaji. Lazima auanze chini kabisa, pale mwanamke anaposemea akiwa na mtoto mgongoni amesinzia, kwa sababu kiitikio chake hupanda, kikapanda tena, na mwisho wake uko juu kuliko wimbo wowote wa kanisa lile. Ukianza chini, unafika. Ukianza juu kidogo tu, mbele hakuna njia. Gasper alilirudia jambo hilo kila mazoezi mpaka watu wakamcheka. Wakaimba hivyo miaka, na kwa kuwa Tabita hakukosea hata mara moja, wakasahau kwamba inawezekana kukosea.

*

Wazee wa kanisa walimpokea katika chumba cha nyuma ya madhabahu. Walikuwa na viti, yeye hakupewa. Judith, mke wa Mzee Nikodemo, aligawa chai kwa wazee wote, akamwambia Tabita yake ameiacha nje, akimaliza ataikuta.

"Tunafurahi umekuja mwenyewe," alisema Mzee Nikodemo. "Ila kutoka kanisani katikati ya ibada siyo kosa dogo. Piga magoti, mama."

Tabita akapiga magoti. Sakafu ile aliisiliba yeye na akina mama wenzake, wakibeba maji kichwani.

"Naomba radhi kwa kutoka."

"Na kuhusu kijana?"

"Kijana si mmeshamaliza naye?"

"Tunataka kusikia kwa kinywa chako. Isije ikawa uko huku mwili, moyo uko kule."

Mchungaji alijikunja kitini, akasema labda hiyo inatosha, mama ameshajishusha. Mzee Nikodemo akasema haitoshi. Alikuwa mtu anayependa mambo yaishe vizuri, na vizuri kwake ni mpaka mwenzake alie.

Tabita alifumba macho. Alipiga moyo konde, akasema, "Kanisa halikukosea. Mwanangu alistahili."

Hakulia. Wazee wakaitikia amina, mmoja akamsaidia kuinuka, na Mzee Nikodemo akamshika mkono kwa mikono yake miwili. Alipotoka nje akaikuta chai yake juu ya tofali, imefunikwa na sahani, imeshapoa na nzi yuko ndani. Akaimwaga kwenye maua ya Judith, akaenda nyumbani akiimba.

Habari zilimtangulia, kama kawaida. Gasper alikuwa mlangoni.

"Ni kweli umesema nilistahili?"

"Nimesema. Na usiniulize kwa nini. Utajua siku ya askofu."

"Mama, mimi sitaki kitu siku ya askofu. Nataka tukae tuongee, mimi na wewe. Kidogo tu."

"Tutaongea nikishamaliza kazi yangu."

Amoni aliinua uso kutoka kwenye magunia yake. "Mama Gasper, mtoto anataka kuongea."

"Wewe nyamaza. Ungekuwa mwanaume ungekuwa umeshaenda kwa Nikodemo na rungu. Unakaa hapa na sindano."

Amoni akatunga uzi mwingine kwenye sindano. Kwa kunyamaza alikuwa bingwa.

*

Siku ya uzinduzi watu walijaa mpaka nje. Kulikuwa na wageni kutoka Itaka na Ruanda, miji midogo ya mkoani, kwaya za jirani zimekuja na sare zao, viongozi wa serikali ya mtaa wako mbele kwenye viti vya kitambaa. Vipaza sauti viliwashwa tangu alfajiri. Askofu alikata utepe, akabariki kuta, akahubiri, kisha akaketi akafuta jasho, na Mzee Nikodemo akasimama kutangaza wimbo wa historia ya kanisa. Alisema watu waketi vizuri, maana huu si wimbo wa kuusikiliza ukiwa umechuchumaa.

Clever akainua mikono. Tabita akapewa kipaza sauti, akaanza.

Alianza juu. Hakuanza juu sana, asingekuwa mjinga hivyo. Alianza pale ambapo asiyejua angesema leo mama kaamka na sauti nzuri. Ubeti wa kwanza ukapita, watu wakatikisa vichwa. Gwantwa peke yake aligeuka akamwangalia, macho yamemtoka. Kiitikio kikaja. Kilipopanda mara ya kwanza, akina baba waliacha mmojammoja, wakabaki wanafungua midomo tu. Kilipopanda mara ya pili, sauti ya kwanza ikapasuka. Gwantwa alitoa mlio kama wa mbuzi aliyefungiwa, mwingine akakohoa, Judith akang'ang'ania peke yake kwa sekunde kadhaa kwa sababu hakutaka kushindwa mbele za watu, naye akakatika. Kwenye mabenchi ya wageni vijana wa kwaya ya Itaka walificha nyuso kwenye vitambaa vya kichwa vya mama zao.

Clever alisimamisha. Alitabasamu meno yote nje, akamwonyesha Tabita kwa mkono kwamba ashushe. Tabita akaitikia kwa heshima, akapandisha.

Safari ya pili haikufika hata kwenye kiitikio. Kicheko kilianza nyuma, kikaja mbele kama maji ya mvua yanavyokuja kwenye korongo, na viongozi wa mtaa nao wakainamisha vichwa mabega yakitikisika. Clever akashusha mikono. Jasho lilikuwa limelowanisha ile kola. Tabita aliwaangalia wote, akawaona walivyosimama na sare zao bila pa kuweka mikono, akasikia raha ambayo hajawahi kuipata kwenye mahubiri yoyote.

Askofu alikuwa mtu mzima mwenye ubinadamu, akajaribu kuwasitiri. "Wimbo mzuri, maneno mazuri," alisema. "Nimeambiwa mmetunga wenyewe. Mwalimu aliyeutunga yuko wapi? Aje atusaidie."

Mzee Nikodemo akasimama haraka. "Baba Askofu, amesafiri."

Kipaza sauti kilikuwa bado mkononi mwa Tabita.

"Hajasafiri," alisema. "Yuko nyumbani kwangu, hapo nyuma, anatusikia. Ni mwanangu, anaitwa Gasper. Mzee Nikodemo alisimama hapohapo akasema mwanangu anaishi na mwanaume kule Nakonde kama mtu na mkewe, eti Brayan, muuza spea za pikipiki, akamtenga. Halafu papo hapo mkaimba wimbo wake. Mimi mlinipigisha magoti niseme alistahili. Sasa sema tena, Mzee Nikodemo. Askofu yuko hapa. Sema tena kwamba amesafiri."

Kimya kilichoingia mle ndani kilimfurahisha kuliko kile kicheko. Mchungaji alishika kichwa. Askofu akasema kwa sauti ya chini, "Mama, mambo haya yana mahali pake."

"Mahali pake ni hapa, Baba Askofu. Ndipo yaliposemewa."

Askofu akamgeukia Mzee Nikodemo. "Umeniambia amesafiri," alisema. Mzee Nikodemo alivua miwani, akaivaa, akaivua tena. Alionekana mzee kweli, siyo wa cheo tu. Mtu mmoja akakimbia kwenda kuzima mitambo, lakini yaliyotoka yalikuwa yameshatoka. Tabita akakiweka kipaza sauti juu ya Meza ya Bwana, taratibu, akatoka kwa mlango wa mbele.

*

Alirudi nyumbani kama mtu anayeleta nyama. Alikuwa amepanga ataanzia wapi kusimulia, na kwenye ile sura ya Nikodemo angesimama amwigize. Barabarani aliona vijana wa bodaboda wamekusanyika, wengine wameshuka kabisa kwenye pikipiki zao, wanaangalia nyumba yake. Alidhani wanamshangilia.

Ndani Gasper alikuwa anakunja nguo. Amoni alikuwa anazipokea na kuzipanga kwenye begi.

"Leo wamekoma," alisema Tabita. "Nikodemo hana pa kuuficha uso. Ungemwona, mwanangu, ungecheka."

"Nimesikia," alisema Gasper. "Mji mzima umesikia."

"Wasikie. Nilitaka wasikie."

"Wao walizima vipaza sauti, mama."

Tabita hakuelewa mara moja. Jiwe lilitua juu ya bati, likaviringika, likaanguka uani. Sauti moja kule nje ikasema, bila hata kupazwa sana, "Oya, mwalimu wa kwaya, toka basi utuimbie." Wenzake wakacheka. Kisha akataja jina la Brayan, na spea, na neno jingine ambalo Tabita hakuwahi kulisikia likisemwa kwa mtoto wake.

Ndipo akaelewa. Kanisani walijua watu wa kanisani, wakanong'ona na kubadilisha vikombe. Yeye alikuwa amewaambia madereva, wenye baa, wapiga debe, na kila kijana wa Tunduma asiyekuwa na la kufanya siku ya Jumapili. Alikuwa amelitaja na jina la yule wa ng'ambo na kazi yake. Alitafuta wa kumlaumu na jina la Nikodemo likaja kama kawaida, lakini safari hii halikukaa.

"Nimempigia Brayan," alisema Gasper. "Ameshafunga duka. Ana ndugu zake Kasama, tutaenda huko."

Walipitia mlango wa nyuma, kwenye kishamba cha mahindi, wote watatu. Mpaka wa pale ni uchochoro. Nyumba za huku zimepeana mgongo na za kule, na watu huvuka kwenda kuomba chumvi. Tabita alibeba begi. Alikataa kupokewa. Walipofika mwisho wa uchochoro Gasper akasimama.

"Mama, yale uliyoyasema pale mbele. Unaamini nini?"

"Naamini walikuonea. Nitaamini hivyo mpaka nazikwa."

"Walinionea, ndiyo. Nauliza kuhusu mimi na Brayan."

"Huo ni uongo wa Nikodemo."

"Na kama siyo uongo?"

Alimwuliza kwa upole, kama alivyokuwa akiwauliza akina mama wa kwaya kama sauti hii inawaumiza. Na Tabita, aliyekuwa na jibu kwa wazee na kwa askofu, alifungua mdomo ukawa mtupu. Alitaka kusema kitu. Alikitafuta kweli, Mungu ni shahidi, lakini siku zote hizo alikuwa amejiandalia maneno ya maadui, na ya mtoto hakuwa ameyaandaa. Gasper alisubiri. Alisubiri zaidi ya inavyompasa mtu anayefukuzwa kwa mawe. Kisha akaunyoosha mkono, akalitoa begi kwenye vidole vya mama yake, akamwinamia baba yake, akavuka. Aligeuka mara moja kule upande wa pili, na Tabita akainua mkono, lakini lori lilikuwa linapita.

Walisimama pale, mke na mume. Amoni alikuwa amevaa ndala mbili zisizofanana. Alikuwa ametoka kwa haraka.

"Wewe umeagana naye vipi bila kumwuliza kitu?" alisema Tabita. "Hata kuuliza hukuuliza."

"Aliniambia mwaka juzi. Tulikuwa tunavuna."

Tabita akamgeukia. Miaka yote ya ndoa hakuwahi kumwangalia mume wake kwa kutomjua namna ile.

"Ukamwambia nini?"

"Nilimwambia kesho tuna magunia mengi, awahi kulala."

"Na mimi mkanificha." Akamshika Amoni mkono. "Aliogopa nitamchukia?"

"Hapana," alisema Amoni. "Hilo hakuliogopa hata siku moja. Alisema, 'Baba, mama asijue kwanza, ataenda kupigana na watu.'"